Nyumba za Ugenini Katika Umatengo na Mwambao wa Nyasa

Nyumba nyingi za kwanza za kudumu katika nchi ya Wamatengo na Wanyasa zilijengwa kwa fedha za watu ambao hawakuwahi kuziona. Waliochanga walikaa Bavaria, Uswisi na London. Zilikoinuliwa ni Kigonsera, Litembo, Lituhi na Liuli. Katikati palikuwa na bahari, mito yenye maporomoko, na barua zilizochukua majuma mengi kufika. Siku hizi mambo yamegeuka. Mtoto wa Mbinga aliyeko Dar es Salaam, Johannesburg au Muscat ndiye anayetuma fedha, na nyumba inapanda huku nyumbani yeye hayupo. Swali limebaki lile lile tangu miaka ya 1880: nani ashike kazi, na aaminiwe kwa lipi?

Litumbandyosi ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo. Ni kata ya upande wa kaskazini wa Wilaya ya Mbinga, katika nchi ya miombo iliyo chini ya milima ya Umatengo, upande wa kuelekea bonde la Ruhuhu. Milimani watu wamebanana na kila kipande cha mteremko kina shamba la ngoro au mibuni. Huku chini kuna nafasi, kuna miti na kuna udongo. Vitu hivyo viwili vya mwisho ndivyo vilivyoamua namna ya kujenga katika mkoa mzima, kwa sababu kwa muda mrefu hapakuwa na saruji wala bati la kutegemea.

Zamani mwenye nyumba alikuwa ndiye msimamizi. Mmatengo aliyetaka kujenga katika ntambo ya ukoo wake, yaani ule mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, aliitisha ngokela: mkewe alipika pombe, majirani wakaja na majembe na mapanga, kazi ikafanyika, pombe ikanyweka. Miti ilikatwa karibu, fito zikafungwa kwa kamba za magome, udongo ukakandikwa, nyasi zikaezekwa. Hapakuwa na malipo ya fedha, lakini hesabu ilikuwepo, na ilikuwa kali. Asiyekwenda kwa wenzake leo, kesho alijenga peke yake. Na kwa kuwa jengo lilikuwa la kuishi miaka michache tu kabla ya kujengwa upya, kosa la fundi halikudumu.

Si kwamba watu walijenga vibaya. Walijenga kulingana na hatari. Katika karne ya 19 uvamizi wa Wangoni uliwasukuma Wamatengo kwenye miinuko yenye mawe na mapango, ambako nyumba zilijibana kwa ajili ya ulinzi. Kwenye ziwa, Wazungu waliolizunguka katika miaka ya 1870 walikuta upande wa kaskazini mashariki watu waliosimamisha nyumba zao juu ya nguzo ndani ya maji, kwa sababu hiyo hiyo. Nyumba inayoweza kuachwa usiku mmoja haihitaji ukuta wa kudumu miaka mia.

Mambo yalibadilika pale nyumba ilipogeuzwa kuwa deni. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia tatu kwa nyumba ya shamba. Nyumba ya udongo na nyasi, ambayo mwenyewe aliijenga bila kutoa hata senti, sasa ilidai fedha kila mwaka. Wapo waliobanana ukoo mzima chini ya paa moja ili kupunguza idadi. Wengine walifunga safari kwenda kutafuta rupia, na hapo ndipo ilipoanza historia ndefu ya wanaume wa Songea na Mbinga kuishi mbali na nyumba zao wenyewe.

Wakati huo huo wageni walikuwa wameanza kujenga. Upande wa ziwa walikuwa Waanglikana wa UMCA, misheni iliyoundwa na vyuo vikuu vya Uingereza baada ya hotuba ya David Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. William Percival Johnson alifika ziwani mapema miaka ya 1880, akatembea vijiji vya mwambao huu hadi alipofariki Liuli mwaka 1928, na kaburi lake liko huko. Makao makuu ya misheni yaliwekwa kisiwani Likoma. Kila kilichohitaji chuma, kioo au mashine kiliagizwa kutoka Uingereza, na hapo wachangaji wa London walijifunza gharama ya kujenga mahali ambapo huwezi kufika.

Mfano mkubwa kuliko yote haukuwa nyumba bali meli, ingawa ndani yake mlikuwa na darasa, zahanati na mahali pa kulala. Meli ya Chauncy Maples ilichorwa na Henry Marc Brunel na kuundwa Glasgow na kampuni ya Alley & McLellan mwaka 1899. Iliundwa, ikafunguliwa tena, ikafungwa katika vifurushi 3,481, ikasafirishwa hadi mdomo wa Zambezi na kupandishwa mto Shire. Maporomoko ya Shire hayapitiki kwa chombo cha majini. Vifurushi vilibebwa vichwani. Boila yenye uzito wa tani 11 haikubebeka, ikawekwa juu ya gari la magurudumu na kuvutwa na Wangoni 450 kwa zaidi ya kilomita 100 za njia iliyokatwa msituni, mwendo wa kilomita chache kwa siku. Meli iliunganishwa upya kwenye kingo za Shire na kushushwa majini mwaka 1901.

Mchoraji na wahunzi wa Glasgow walifanya sehemu yao vizuri. Meli ile iliishi zaidi ya karne moja. Lakini bila wale wavutaji na wale waliogonga ribiti mahali penyewe, michoro ya Brunel ingebaki karatasi. Hesabu za London ziliandika kazi yao kama gharama ya usafirishaji.

UMCA walipojenga kanisa kuu la Likoma walikuwa wamekwisha jifunza. Badala ya kuagiza jengo, walimweka mjenzi mahali pa kazi. Frank George, msanifu mlei, alikaa kisiwani na kulisimamia jengo tangu jiwe la msingi mwaka 1903 hadi lilipowekwa wakfu mwaka 1911. Mawe yalikuwa ya kisiwani. Waliobeba, waliochonga na waliojenga walikuwa watu wa ziwa, na kwa kuwa mwambao wa Liuli na Manda ulikuwa chini ya dayosisi hiyo hiyo, kanisa lile lilikuwa la Wanyasa wa upande huu pia. Ukilitazama leo, ukubwa wake unashangaza kwa kisiwa kidogo namna ile.

Nchi kavu walikuja Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, na hao walikuja na jibu lao tayari. Padre Cassian Spiss alianzisha Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Kigonsera, kwenye njia ya kwenda Umatengo. Shirika lao lilikuwa na mapadre na lilikuwa na mabruda. Bruda hakuwa padre. Alikuwa mtawa mwenye ufundi wake aliousomea Ulaya: mwashi, seremala, mhunzi, mchoma vigae. Aliapa kukaa maisha yake yote katika jumuiya. Alijenga nyumba ambayo yeye mwenyewe angelala, angeugua na pengine angefia ndani yake.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo penye siri ya majengo yale. Si ukweli kwamba Wajerumani walikuwa na udongo bora zaidi, wala kwamba mafundi wa leo hawajui kazi. Mwenye fedha alikuwa mbali, kama ilivyo leo. Tofauti ni kwamba msimamizi hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Paa likivuja, lilimvujia yeye.

Kazi yenyewe ilianzia ardhini. Udongo ulichimbwa karibu na maji, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ukalainika, ukafyatuliwa kwa kalibu ya mbao, matofali yakaanikwa chini ya nyasi yasipasuke kwa jua. Yakishakauka yalipangwa tanuru lenye midomo ya moto chini, nje likakandikwa udongo, na magogo yakasukumwa ndani mchana na usiku kwa siku kadhaa. Fundi hakuwa na kipimo cha joto. Aliangalia rangi ya moto, akaangalia pia jinsi tanuru linavyozama taratibu, maana tofali likiiva hupungua. Tanuru likipoa na kubomolewa, matofali hayafanani. Ya katikati ni mekundu na yanalia yakigongwa. Ya pembeni yameiva nusu, na ukiyaacha kwenye mvua yanarudi kuwa tope. Fundi mwaminifu huyatenga. Hayo mabovu yanafaa ukuta wa ndani au kuchomwa tena, hayafai msingi.

Tofali bovu likishafunikwa kwa lipu haliwezi kujulikana. Aliye mbali hawezi kuliona katika barua, na hawezi kuliona katika picha ya simu pia. Ugomvi mwingi kati ya wenye fedha na wasimamizi wao, zamani na sasa, hatimaye hufika kwenye tofali hilo la pembeni.

Mbao zilikuwa na shida yake. Mninga wa miombo ulikatwa, gogo likapandishwa juu ya shimo, mstari ukapigwa kwa kamba iliyochovywa kwenye maji ya mkaa. Mpasuaji mmoja alisimama juu kuongoza msumeno, mwenzake alisimama shimoni akivuta, unga wa mbao ukimwangukia machoni. Ubao wa juma la kwanza huwa mnene huku, mwembamba kule. Ilichukua muda jozi ya wapasuaji kufikia kutoa mbao zinazolingana, na mabruda walipopata jozi ya namna hiyo hawakukubali kuiachia.

Haikuwa hadithi ya amani. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika. Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa Agosti akiwa njiani kuelekea kusini pamoja na mabruda na masista aliosafiri nao, na Peramiho ikachomwa. Kwa wapiganaji, majengo yale yalikuwa upande mmoja na boma la Songea, kodi na kazi za kulazimishwa, na walikuwa na sababu ya kuyaona hivyo. Misheni ilijengwa tena katikati ya nchi iliyokuwa na njaa. Litembo, ndani kabisa ya milima ya Umatengo, ilifuata mwaka 1914. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliwakamata wamisionari wa Kijerumani na kuwaondoa nchini, na wamisionari wakarudi baadaye, Waswisi wakitangulia.

Mmoja wa Waswisi hao, Gallus Steiger, ndiye aliyekuwa abate wa Peramiho ilipofanywa abasia mwaka 1931. Chini yake kulijengwa kanisa la abasia, kati ya mwaka 1943 na 1948. Miaka hiyo yenyewe inaeleza kitu. Ulaya ilikuwa vitani, kisha ikawa magofu. Fedha na vifaa kutoka Ujerumani havikutarajiwa. Kanisa kubwa namna ile lilijengwa wakati ambapo wafadhili walikuwa wamekatika, na liliwezekana kwa sababu tanuru, karakana ya useremala, uhunzi na mafundi vyote vilikuwa Peramiho penyewe. Kizazi kizima cha vijana kutoka Ungoni, Umatengo na mwambao kilipita katika karakana hizo kama wanagenzi, na shule ya ufundi ya Peramiho imeendelea kutoa waashi na maseremala hadi leo.

Vijana hao walipotoka, wakawa mafundi wa vijijini. Hao ndio waliojengea watu wa kawaida nyumba za kwanza za tofali.

Fedha za nyumba hizo zilitoka njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kahawa, iliyoingia Umatengo katika miaka ya 1920 na kuuzwa baadaye kupitia chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936. Ya pili ilikuwa safari. Wilaya ya Songea, ambayo wakati huo Mbinga ilikuwa ndani yake, ilikuwa hazina ya vibarua wa mashamba ya katani. Kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba ya katani, SILABU, iliwaandikisha manamba kwa kandarasi na kuwapeleka Tanga na kwingineko. Wengine walivuka mipaka kufuata migodi ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoufunga mlango huo.

Manamba aliyeondoka aliacha baba, kaka au mjomba. Alituma fedha kwa mkono wa mtu anayerudi. Aliporudi mwenyewe, alikuta nyumba, au alikuta msingi, au alikuta ng'ombe aliyenunuliwa na mtu mwingine. Mzee wa ukoo alikuwa na nguvu ya kumwita ndugu aliyekula fedha na kumhukumu mbele ya watu, na adhabu yake ilikuwa kubwa kuliko faini: hakuaminiwa tena. Mfumo ule ulikuwa na dosari nyingi, lakini ulikuwa na mahakama yake, na mahakama ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Baada ya uhuru serikali ilitaka nyumba bora kwa wote na watu wakae pamoja. Karibu na Songea, kijiji cha Litowa kilichoanzishwa mwaka 1960 kilikuwa kiini cha Ruvuma Development Association, ambamo wanavijiji waliamua na kujenga wenyewe, mpaka chama kilipofutwa Septemba 1969. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na watu wengi nchini wakajenga kwa haraka mahali wasipopachagua.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vifaa vilikauka. Bei ya kahawa duniani ilikuwa imepaa baada ya baridi kali ya Brazil mwaka 1975, lakini mkulima mwenye fedha mkononi hakuwa na cha kununua. Saruji na bati vilipatikana kwa kibali. Katika miaka hiyo aliyeweza kujengesha nyumba Mbinga hakuwa fundi hodari kuliko wote. Alikuwa mtu anayejulikana ofisini, au mtu wa misheni. Nyumba zilizosimamishwa hadi usawa wa lenta zilikaa hivyo kwa miaka, mvua ikizila kutoka juu. Soko lilipofunguliwa kuanzia mwaka 1986, nyingi zilipauliwa, na nyingine ilibidi zibomolewe.

Mkandarasi wa kisasa alichelewa kufika. Sheria ya kusajili wasanifu, wakadiriaji majenzi na makandarasi ilitungwa mwaka 1972, na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya sasa iliundwa kwa Sheria namba 17 ya mwaka 1997, ikawapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba. Karatasi hiyo ilikuwa na maana kubwa Dar es Salaam na Arusha. Umatengo watu waliona mkandarasi mkuu kwa macho hasa zilipokuja barabara. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kiliwekwa lami kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa MCC uliosainiwa mwaka 2008, na baadaye lami ikashuka mlima hadi Mbamba Bay. Walioshika kazi ya kushuka ziwani walikuwa watu wa kampuni kutoka China. Walifika na kambi, mitambo, maabara ya kupima kokoto na mhandisi mshauri aliyekuwa na mamlaka ya kukataa kazi. Kijana wa Mbinga aliyefanya kibarua hapo aliona jambo ambalo hakuliona katika ujenzi wa nyumba: anayejenga na anayekagua ni watu wawili, wanaolipwa mbalimbali.

Nyumba za watoto walio mbali bado hazina mgawanyo huo. Ndugu mmoja anapokea fedha, anatafuta fundi, ananunua saruji, anahesabu matofali na kupiga picha. Yeye ni mshitiri, ni stoo, ni mkaguzi. Ni mzigo mkubwa kumtwisha mtu, hata akiwa na moyo safi, na hasara yake si ya fedha peke yake; kuna koo zilizoacha kuzikana kwa sababu ya mabati. Ardhi nayo ina mambo yake. Chini ya sheria za ardhi za mwaka 1999, kama zilivyotungwa, asiye raia hakuweza kumiliki ardhi kwa ajili ya makazi, kwa hiyo aliyechukua uraia wa nchi nyingine mara nyingi amejenga kwa jina la mama au kaka, na mwenye jina akifariki, mirathi inaanza upya.

Serikali yenyewe, katika miaka ya 2010, iliamua kuwaacha makandarasi kando katika majengo mengi ya shule na zahanati. Utaratibu wa force akaunti ulienea halmashauri zote: kamati ya kijiji au ya shule inanunua vifaa, fundi wa mahali analipwa ufundi peke yake, mhandisi wa halmashauri anakagua, na wananchi wanachimba msingi na kusomba mawe. Gharama zilishuka, malalamiko ya ubora yakaja, na mjadala haujaisha. Kwa sura yake, utaratibu huo unakaribia kazi ya bruda kuliko kazi ya kampuni: stoo ina ufunguo wake, fundi ana mikono yake, na watoto wa kamati watasoma katika darasa hilo hilo.

Vifaa navyo vimebadilisha njia zao. Mashariki ya ziwa, Ngaka, kata ya Ruanda, makaa ya mawe yanachimbwa tangu mwaka 2011 na kupelekwa viwanda vya saruji. Malori yanayopita njia hizo hubeba mafuta ya tanuru kubwa za mbali, na saruji inarudi ikiwa imefungwa mifuko. Wakati huo huo vijiji vya miombo vinaendelea kuchoma matofali kwa magogo, na mninga mzuri unapatikana mbali zaidi kila mwaka. Tofali la kufungamana, la udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo bila kuchomwa, linaweza kuiokoa miti hiyo. Linahitaji mashine na fundi aliyefunzwa vizuri, maana ukuta wake haufichi kosa.

Mafundi wapo. Kati ya Peramiho, Mbinga na mwambao wako waashi waliofunzwa karakanani, watoto wao na wanagenzi wao, na wengi hawamo katika daftari lolote. Halmashauri za Mbinga na Nyasa, kwa kushirikiana na shule za ufundi na VETA, zingeweza kuanza na kazi rahisi: kuandika kata kwa kata, kuanzia Litumbandyosi hadi Liuli, nani anajenga, alifunzwa wapi, na nyumba zipi ni za mikono yake, mwaka gani. Kisha kila kata iwe na mkaguzi mmoja ambaye hajengi, anayelipwa ada ndogo na mwenye nyumba kufika mara tatu: msingi ukiwa wazi, lenta ikiwa haijamwagwa, na ukuta ukiwa haujapigwa lipu.